Bibi mpelelezi wa Nyanda za Juu: kwa nini anatushika, na kisa chake kinasukwaje

UkunguWaUporoto

Habari za jioni wakuu, na shikamooni mlio wakubwa.

Uzi huu ni wa riwaya za upelelezi za upole. Mtu ameuawa, lakini damu haimwagiki mbele ya msomaji, na anayefumbua fumbo si askari wala jasusi. Ni bibi au babu ambaye angeweza kuwa jirani yako Tukuyu mjini.

Wengi husema mvuto wake ni ule utulivu: chai, vitumbua, ua lililofagiwa. Mimi naona chai ni kiungo tu. Kinachomshika msomaji ni kuona maarifa ya kawaida ya mtu mzima, yale tunayoyapita kila siku bila kuyasikiliza, yakimkamata muuaji. Miss Marple, bibi mpelelezi wa mwandishi Mwingereza Agatha Christie, alitokea kwanza kwenye hadithi fupi Desemba 1927. Riwaya yake ya kwanza ilitoka 1930, na zilifika 12. Hana bunduki wala kitambulisho. Kwenye hadithi ile ya kwanza wenzake wanazungumzia mauaji, yeye anazungumzia kamba (wale wa baharini wa kula) wa jirani waliopotea njiani kutoka dukani. Mwisho wa siku jibu analo yeye.

Sasa nawauliza: bibi wa huku kwetu anajua nini ambacho mpelelezi aliyeshuka na basi kutoka Dar hakijui? Na maarifa hayo yanageuzwaje kuwa kisa ambacho msomaji makini hatakitupa? Karibuni tuchambue kwa vitu, siyo kwa sifa.

Mnyalu_Msomaji

Kamwene mkuu. Naongeza historia kidogo ili tusidhani Christie ndiye mwanzo. Mwaka 1897 Anna Katharine Green wa Marekani alishamleta Amelia Butterworth, mwanamke asiyeolewa aliyechungulia dirishani usiku akaona mwanamume na mwanamke wakiingia nyumba ya jirani. Mwaka 1928 Patricia Wentworth wa Uingereza akamleta Miss Silver, aliyewahi kuwa mwalimu wa watoto majumbani, ambaye hufuma sufu huku watu wakimweleza shida zao.

Kufuma huko si pambo. Mtu mwenye kazi mkononi haonekani anahoji. Anayehojiwa anatazama vidole, anasahau kuchunga ulimi. Huku kwetu sufu si lazima, tunayo kazi yetu: kupeta maharage, kumenya viazi, kuchambua majani ya maboga. Mpe bibi ungo. Anapotaka mtu aendelee kusema, anaendelea kupeta. Anaposikia uongo, ungo unasimama. Ukifanya hivyo mara mbili za kwanza bila kueleza, mara ya tatu msomaji ataruka kwenye kiti kabla bibi hajatia neno.

KijanaWaSoweto

Swali la kweli kabisa: kwa nini lazima mzee? Kijana mwenye simu nzuri na pikipiki hawezi kufanya hayo hayo? Sisi tumelelewa na Willy Gamba wa Elvis Musiba, mtu wa serikali, mwendo ni kasi. Bibi mwenye ungo hatachosha?

BintiTukuyu

Kaka, kijana anaweza kufika haraka. Kukumbuka hawezi.

Mtumishi wa umma wa Tanzania kwa kawaida hustaafu kwa lazima akiwa na miaka 60, na sera yetu ya wazee inamhesabu mtu kuwa mzee kuanzia hapo. Muuguzi aliyestaafu baada ya miaka 35 kwenye zahanati moja anajua nani alizaliwa lini, nani aliletwa usiku na nani, mtoto yupi kadi yake ya kliniki ilianza mwezi wa nne badala ya wa kwanza. Karani wa mahakama ya mwanzo anajua mpaka wa shamba upi uligombewa mara tatu. Fundi cherehani anajua nani amepungua kiuno ghafla. Kwa hiyo kabla ya kumpa bibi jina, mpe kazi aliyoifanya, kisha uamue kazi hiyo ilimfundisha kuona KITU KIMOJA ambacho wengine hawakioni. Kimoja tu. Waandishi wachanga humpa bibi kila ujuzi, naye anakuwa Willy Gamba aliyevaa kitenge.

Pili, mzee ana ruhusa ya kuuliza. Kijana akimuuliza mama mtu mzima "jana ulilala wapi?" ni utovu wa adabu. Bibi akiuliza, ni bibi tu. Na watu wakiwa wanaongea ya siri, hawanyamazi yeye akipita kwa sababu wanadhani hasikii au hayamhusu. Hapo ndipo msomaji anapofurahi: yule aliyedharauliwa ndiye aliyekuwa anasikiliza kuliko wote.

Kuhusu kuchosha, kasi haitokani na miguu. Kila sura iishe na swali jipya, au na jibu la swali la zamani linaloharibu jingine.

FundiWaVisa

Dada kasema vizuri. Naingia kwenye ufundi wenyewe.

Vipimo ninavyovishauri kwa riwaya ya maneno 60,000: maiti aonekane kabla ya ukurasa wa 20. Washukiwa watano, wakizidi saba msomaji anaanza kurudi nyuma kutafuta majina. Kila mshukiwa awe na uongo mmoja, na uongo wa wanne uwe wa kuficha aibu, siyo mauaji. Mmoja alikuwa kwa nyumba ndogo, mwingine aliuza mbolea ya ruzuku, mwingine alikwenda kukopa na hataki mkewe ajue. Bibi anapoufungua uongo mmoja mmoja, kijiji kizima kinavuliwa nguo polepole, na hiyo ndiyo raha yenyewe. Mshukiwa asiye na siri ni abiria, mshushe njiani.

Dalili kuu iwe na nusu mbili, zikae mbali. Nusu ya kwanza iwekwe mapema, wakati msomaji hajui kama ina maana. Namna rahisi ya kuificha ni kuiweka katikati ya orodha ya vitu vitatu, na cha tatu kiwe na mvuto zaidi. Au iweke mstari mmoja tu kabla ya kelele: mtu anasoma jambo muhimu, mara mlango unagongwa.

Mfano. Bibi ni mwalimu mstaafu wa darasa la kwanza. Tuko msibani, siku ya pili. Karani wa michango anaandika daftari, na ukurasa wa mwisho unasomeka hivi:

Mama Neema 5,000
Balozi 2,000
Kwaya ya vijana 10,000
Fundi baiskeli 3,000
Muuza mbegu 5,000
Baba Subira 2,000
Jumla 22,000

Mwandishi anaupitisha ukurasa huu mbele ya macho ya msomaji kama habari ya kawaida ya msiba. Jumlisheni wenyewe. Inafika 27,000. Kuna 5,000 iliyozidi, maana yake kuna jina lililoingizwa baada ya hesabu kufungwa. Waliotoa 5,000 ni wawili, kwa hiyo bado hujui ni nani. Aliyeingizwa ni yule anayetaka ionekane alikuwa msibani usiku ule.

MezaYaMhariri

Hiyo ni dalili nzuri sana, lakini ina tundu. Makarani wa msiba hukosea hesabu, hasa saa tisa usiku kwa mwanga wa taa ya chaji. Msomaji atasema "karani alikosea" naye atakuwa na haki. Lazima uzibe.

Ziba kwa fedha. Fedha ya usiku ule huhesabiwa na kukabidhiwa kwa msemaji wa familia mbele ya watu. Zikithibitika kuwa ni 22,000, karani hakukosea. Muuaji aliweza kuongeza jina, lakini fedha iliyokwisha kukabidhiwa hakuweza kuiongeza. Kisha ziba na mwandiko. Daftari lote limeandikwa na mkono mmoja, ndiyo maana mkono wa pili unaonekana: mstari umebanwa kati ya mistari miwili, na herufi "g" ya "mbegu" ina mkia uliofungwa wakati karani huiacha wazi. Bibi aliyewafundisha wote kuandika "g" hiyo anajua ni mkono wa nani.

Nusu ya pili ya dalili ndiyo hiyo "g". Ionyeshe sura kumi kabla, kwenye kibao cha dukani kilichoandikwa kwa mkono: MBEGU haifai, kwa sababu herufi kubwa hazina mkia. Iwe "mbegu bora zimefika". Mambo madogo kama haya ndiyo yanayovunja riwaya. Mwandishi anasahau kwamba kibao chake kiko kwa herufi kubwa, msomaji mmoja anagundua, na heshima yote inaondoka.

KijanaWaSoweto

Hapo nimekubali kabisa. Ila na simu je? Siku hizi michango mingi inapita kwa simu na kila ukoo una kundi la WhatsApp. Fumbo si litafumbuka dakika tano?

BintiTukuyu

Simu haiui fumbo, inaongeza karatasi. Ujumbe wa muamala una saa na dakika, kwa hiyo muuaji atakwepa simu na kudai alitoa mkononi. Yaani kwa nini mtu anayelipa kila kitu kwa simu alitoa taslimu siku hiyo moja? Hilo swali peke yake ni dalili.

Na kwenye mfano wa FundiWaVisa, ongeza mjukuu. Usiku ule mjukuu anapiga picha ukurasa wa daftari ili ndugu walioko Dar waone michango, anaituma, mazungumzo yanaendelea. Sura nyingi baadaye bibi, ambaye macho yake hayaoni karibu, anamwomba mjukuu aikuze ile picha amsomee majina. Anasoma matano tu. Muuza mbegu hayumo.

Tazameni macho dhaifu ya bibi yamefanya kazi gani. Kila udhaifu wa mwili utakaomwandikia mzee uwe na shughuli ndani ya kisa. Goti linalouma linamfanya apumzike kwenye benchi la kituo cha kupimia majani ya chai, na hapo anasikia jambo. Usiandike goti ili wasomaji wamwonee huruma au wamcheke. Msomaji anampenda bibi kwa akili yake.

LolezaAsubuhi

Naomba kugusa jambo zito ambalo vitabu vya Uingereza havina haja ya kuligusa. Huku kwetu bibi anayejua siri za watu, anayetembea usiku, anayesema "muuaji ni fulani" na ikawa kweli, hataitwa mpelelezi. Ataitwa mchawi. Tanzania wazee, hasa wanawake, wameuawa kwa tuhuma hizo, na wengine kosa lao lilikuwa macho mekundu yaliyoharibiwa na moshi wa kuni. Mwandishi wa Nyanda za Juu akiliruka hili, kitabu chake kinakuwa cha kijiji kisichokuwepo.

MezaYaMhariri

Ahsante sana kwa hili, naliona ndilo moyo wa uzi.

Ronald Knox, padri wa Uingereza, aliandika kanuni kumi za riwaya za upelelezi mwaka 1929, na ya pili inakataza nguvu za ajabu kuwa jibu. Kwake ilikuwa haki ya msomaji: usimdanganye. Kwetu kanuni hiyo ni ngao ya bibi mwenyewe. Anapoeleza "nilijumlisha daftari, nikaomba picha, nikatazama kibao cha dukani", anajitoa kwenye tuhuma. Kila hatua aliyoonyesha ni hatua ambayo jirani yeyote angeweza kuifuata. Kwa hiyo maelezo ya mwisho, ambayo wengine wanayaona marefu, kwetu yana hatari ndani yake: akishindwa kueleza amejuaje, yuko mashakani yeye.

Na njia hii Kiswahili kinaijua zamani. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, mwaka 1960, katika Mzimu wa Watu wa Kale, aliweka mauaji ambayo watu walidhani ni kazi ya mizimu, na Bwana Msa, na kiko chake mdomoni, akatafuta mkono wa binadamu. Bibi wetu ni ndugu yake kwa hoja, ingawa amevaa kanga na anakaa mlimani.

Kwa hiyo: bibi asiote ndoto yenye jibu. Asipewe jibu na mganga. Asihisi tu "moyo ukamwambia". Moyo unaweza kumtuma akatazame, jibu litoke kwenye alichokitazama.

UkunguWaUporoto

Nashukuru, hili linabadilisha mambo. Je, ile sehemu ya mwisho ya kuwakusanya washukiwa wote ukumbini? Nyumba zetu hazina ukumbi wa namna hiyo, na mkutano wa kijiji naona hatari.

FundiWaVisa

Hatari kweli. Ukimtaja muuaji mbele ya mkutano wa kijiji, wananchi wenye hasira watamaliza kisa kabla ya polisi, na bibi atakuwa amesababisha mauaji ya pili. Usifanye hivyo kabisa.

Mahali pake ni kikao cha kikoba. Fikirieni: wanachama 15 hadi 25 wanaojuana, wanakaa duara, kila mmoja na nafasi yake. Katikati kuna sanduku la kufuli tatu, na funguo zinakaa kwa watu watatu tofauti, kwa hiyo haliwezi kufunguliwa mmoja wao asipokuwepo. Kila mwanachama ana kitabu cha hisa chenye mihuri. Kuna faini ya kuchelewa, hivyo saa ya kila mtu kufika inajulikana. Mwisho wa mzunguko, karibu mwaka mmoja, fedha zote zinagawanywa, na hapo ndipo sanduku lina fedha nyingi kuliko siku zote. Umepata sababu ya mauaji, mahali, washukiwa na kumbukumbu za maandishi kwa mpigo mmoja. Bibi ni mshika ufunguo. Polisi kata amekaribishwa kwa kisingizio cha kushuhudia mgao. Muuaji hawezi kukosa kuja kwa sababu fedha yake imo sandukuni.

Wale wastaafu wanne wanaofumbua mauaji katika The Thursday Murder Club, kitabu cha 2020 cha Mwingereza Richard Osman, wanaishi kwenye kijiji cha wastaafu huko Kent: jasusi, muuguzi, daktari wa akili, kiongozi wa chama cha wafanyakazi. Watu wanapenda kuiga kwa kujenga "kijiji cha wastaafu" Mbeya, kitu ambacho msomaji hakijui. Chukua wazo, acha jengo. Mkusanyiko wetu wa wazee ni kikoba, kwaya, jumuiya, kijiwe cha bao.

LolezaAsubuhi

Na polisi asifanywe mjinga. Bibi apate nafasi kwa sababu polisi wanasubiri, siyo kwa sababu hawana akili. Sampuli za sumu zinakwenda kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, ambaye ana ofisi ya kanda hapo Mbeya, na majibu hayatoki siku hiyo hiyo. Zile siku za kusubiri ndizo za bibi. Mwishoni majibu ya maabara na hesabu za bibi yakutane.

Ukitumia sumu, kipimo usikiandike. Msomaji hakihitaji ili afumbue. Anachohitaji ni nani aliifikia, lini, na kwa nini marehemu hakuhisi ladha.

Mnyalu_Msomaji

Turudi kwenye mazingira kidogo, maana ndiyo yanayotutofautisha. Hali ya hewa ya huku ni shahidi. Kitulo na Makete mwezi wa sita na wa saba kuna sakitu (umande ulioganda kwa baridi) alfajiri, nyayo zinaonekana wazi na jua likipanda zimekwenda. Bibi anayeamka saa kumi na moja kuwasha moto ni shahidi pekee wa nyayo hizo, kwa hiyo hakuna atakayemwamini mpaka apate jambo la pili.

Na ulanzi, pombe yetu ya mianzi. Mshukiwa anadai alfajiri alikuwa kwenye mianzi yake anagema, yaani anakinga utomvu kwa mbeta, vyombo vya mwanzi. Mwandishi anaweka kibarazani kwake: jembe lenye mpini mpya, mbeta mbili kavu zenye utando wa buibui, na jogoo mwenye mguu mmoja. Msomaji anamkumbuka jogoo. Bibi anakumbuka buibui.

BintiTukuyu

Kaka Mnyalu, wewe ndiye mwenye ulanzi lakini nakubishia. Mbeta za kibarazani zinaweza kuwa za akiba, zile za kazi ziko zimefungwa kwenye mianzi. Wakili mzuri angekushinda.

Mnyalu_Msomaji

Umenipata dada, ni kweli. Basi dalili ihamie kwenye mwanzi wenyewe. Ulanzi hutoka kwenye chipukizi lililokatwa ncha, na mgemaji hurudi asubuhi na jioni kukata tena kipande chembamba ili utomvu uendelee kutiririka. Asiporudi, kidonda kinakauka na ulanzi unakatika. Kwa hiyo bibi asitazame mbeta. Apande shambani atazame kidonda. Kikiwa kimekauka na kubadilika rangi, huyo bwana hajagusa mianzi yake siku kadhaa, na alfajiri ile alikuwa kwingine. Buibui wa kibarazani abaki kama kitu kilichomfanya bibi apande kutazama.

Na usiweke hili Tukuyu. Huko ni ndizi na chai. Lipeleke Mufindi au Njombe.

UkunguWaUporoto

Kisa nilichokuwa nimekipanga ni Mufindi, mwezi wa nane, kwa sababu ya baridi na ukungu.

Mnyalu_Msomaji

Mwezi wa nane hautapata ulanzi mkuu. Ni wa wakati wa mvua, Desemba mpaka Aprili hivi. Msomaji wa Mafinga atafunga kitabu hapo hapo.

Ila unaweza kuubakiza mwezi wa nane ukigeuza: mshukiwa ni mgeni aliyehamia karibuni, amesikia watu wakizungumzia kugema, naye anamwambia polisi aliyetoka mbali kwamba alfajiri alikuwa kwenye ulanzi. Polisi anaandika. Bibi ameketi pembeni na ungo wake, anapeta. Ungo unasimama.

UkunguWaUporoto

Nachukua hiyo. Mwezi wa nane unabaki, kidonda cha mwanzi nakiacha, na daftari la msiba linakuwa dalili ya pili. Kibao cha dukani kitakuwa cha herufi ndogo.